Hita ya Kobe

Uwanja wa kuegesha, nyuma ya stendi ya mabasi
3 Mei

Kibiriti mdogo wangu,

Salamu utazikuta chini. Kwanza tugombane, maana juzi ulinikatia simu sijamaliza kusema. Nimeona afadhali nikuandikie. Karatasi huwezi kuikatia.

Nilichotaka kusema kilikuwa kidogo. Nataka hita ya maji ya Kobe iache gesi, itumie umeme. Basi. Sikusema gesi ni mbaya, wala sikusema kazi yako ni mbaya. Na sikumtaja marehemu shemeji yako hata kidogo, kwa hiyo sijui ulimwingiza kwa mlango gani.

Maisha yangu unayajua. Nyumba yangu ni gari, huyu Kobe: kitanda, meza, jiko, na bafu ambalo ukijikuna mgongo kiwiko kinagonga ukuta. Asubuhi nafungua mlango wa nyuma, cherehani za watu zinaingia. Hapa nilipo kuna chuo cha ushonaji, na mashine zao zote zinakohoa. Jioni mikono inakuwa myeusi mpaka kwenye viwiko na vidole vimekaza kama vya maiti. Bila maji ya moto mafuta ya mashine hayatoki, na kesho yake nishike gauni jeupe la bibi harusi wa watu. Kwa hiyo usiniambie ninataka anasa.

Kambi ninazoegesha siku hizi karibu zote zina umeme, na naulipia niutumie nisiutumie. Mtungi wa gesi nao ni mzito, na mgongo huu si ule uliokubebea maji ulipokuwa mdogo. Nasikia kuna koili ya umeme inayoingia kwenye hita hiyohiyo. Nitafutie.

Haya, salamu sasa. Hamjambo? Msalimie wifi. Mimi ni mzima.

Dada yako


Nyumbani
11 Mei

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya dari la jiko la hoteli, natafuta bomba linalovuja, jasho likinidondoka kwenye karatasi. Nilifikiri nikishuka hasira zitakuwa zimepungua. Hazikupungua.

Hita ile niliifunga mimi. Ndiyo kwanza mmemnunua Kobe, shemeji akinishikia tochi na kumulika kila mahali isipokuwa pale ninapotazama. Ndiyo maana nilimtaja. Kila kiungo nilikipaka sabuni, nikakitazama kama kinatoa povu, nikarudia. Imekuchemshia maji miaka yote hii bila kukohoa. Leo unaniambia niing'oe, na sababu unazonipa ni za kuokota njiani. Mtungi mzito? Kambi gani haina mtu wa kukubebea?

Sikiliza. Gesi inakupa maji ya moto ukiwa bado unavua viatu. Koili hiyo utavua viatu, utapika, utakula, utagombana na mtu, ndipo maji yaanze kuwa vuguvugu. Na siku ukilala mahali pasipo umeme? Betri ya gari haichemshi maji, dada. Itakata roho kabla kikombe hakijapata joto. Mkataa pema, pabaya panamwita.

Niambie ukweli. Kuna fundi mwingine amekukosoa kazi yangu? Mimi nafunga gesi kwenye mahospitali. Watu wakisikia dada yangu mwenyewe anaikimbia gesi yangu, watasemaje?

Wifi yako ameniambia nikikunyima koili nitalala sebuleni. Basi imo humu kwenye boksi. Ifunge unavyojua, maana wewe si fundi?

Mdogo wako


Uwanja wa kuegesha
20 Mei

Kibiriti,

Koili yako imekufa. Imezikwa kwenye pipa la taka la kambi, mazishi hayakuwa na watu.

Nilifanya kila kitu kwa ufundi. Nilimwaga maji ya tangi, nikafungua kizibo cha chini, nikaingiza koili na utepe wa kuzuia kuvuja, nikakaza, nikawasha. Nikakaa palepale mlangoni nikipanga sindano zangu kwenye kopo. Mara namwona mlinzi wa kambi anakuja mbio, kofia mkononi: "Mama, kuna kitu kinaungua kwako!" Nikamwambia hakuna kitu, mimi si niko hapa? Akazima umeme mwenyewe. Kuichomoa, koili imekuwa nyeusi kama mkaa.

Mlinzi ndiye aliyeniambia kwamba tangi lazima lijazwe kwanza. Mlinzi! Wewe uliniandikia karatasi nzima ya matusi, ukakosa mstari mmoja wa "jaza maji".

Naoga kwa birika. Nitumie nyingine, na safari hii tumia kichwa.

Dada yako


Nyumbani
27 Mei

Dada,

Nani duniani asiyejua kwamba sufuria tupu haibandikwi motoni? Wewe unayemfokea mwanafunzi wa chuo kwa kuendesha cherehani bila uzi?

Haya, koili nyingine imo humu. Soma polepole, na usiruke mstari. Funga koili. Fungua maji yaingie kwenye tangi. Nenda bafuni, fungua bomba la moto, usubiri mpaka yatoke maji matupu, bila kukoroma na bila mapovu ya hewa. Hapo ndipo tangi limejaa. Ndipo uwashe. Waya wa kijani na njano ni wa ardhini, usiukate ukasema hauna kazi, ndio utakaokuzuia kufa bafuni. Na usitumie ule waya wako mwembamba wa kuongezea umeme, ule wa taa. Utayeyuka. Nimekuwekea mnene.

Bado sijaelewa kwa nini tunafanya haya. Ukiniambia unaogopa gesi, nitakuelewa, watu huogopa. Lakini wewe ndiye uliyekuwa ukiwasha jiko la nyumbani mama akiwa amekimbilia uani. Basi si woga. Ni nini?

Wifi yako amekuwekea taulo jipya na chupa ya mafuta ya mkaratusi ya kuchulia vidole.

Mdogo wako


Uwanja wa kuegesha
6 Juni

Mdogo wangu,

Koili imekubali. Nilijaza maji, nikasubiri bomba likome kukoroma, nikawasha. Ni kweli, inachukua muda. Niliweza kubomoa cherehani nzima na kuirudisha kabla maji hayajawa ya kuoga. Lakini yalipokuwa tayari, nilinawa mikono mpaka nikaziona kucha zangu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoziona.

Sasa ya kuudhi, maana hayakosekani. Nikiwasha hita na jiko la umeme pamoja, swichi ya kambi inaruka, na mstari wetu wote unalala giza. Jirani yangu, dereva mstaafu wa malori anayeishi na mkewe kwenye gari kama Kobe, friji yake ilizimika mchana kutwa. Alikuja tu na maziwa yaliyoganda, akayaweka mezani kwangu, akaondoka. Afadhali angetukana.

Mwambie wifi asante kwa taulo. Ila rangi yake si nzuri, inawasha macho. Kila nikifuta uso natoka machozi kama nimefiwa. Nimelifua mara mbili na bado. Chupa ya mafuta ilipasuka njiani, nimekuta vigae tu. Vingine vyote vimefika salama.

Dada yako


Nyumbani
13 Juni

Dada,

Karani wa mizigo kwenye basi amenipigia simu kunikaripia. Anasema boksi langu lilivuja mafuta ya mkaratusi, abiria wakafungua madirisha yote njia nzima, na yeye ofisini alilitoa nje likalala barazani. Anasema mpaka leo koti lake linanuka. Nilikuwa naandaa maneno ya kukuomba radhi.

Halafu nikapata barua yako. Chupa imepasuka, umekuta vigae tu. Taulo rangi yake inawasha macho.

Dada, hiyo si rangi. Taulo lile lililoa mafuta ya mkaratusi chupa nzima. Mtu angelisikia akiwa barabarani. Wewe ulilifutia uso, ukalifua mara mbili, ukalaumu rangi.

Nikatoa barua zako za nyuma. Koili iliungua ukiwa umekaa mlangoni, na aliyesikia harufu ni mlinzi kutoka getini.

Wifi yako anasema nisikuulize kwa barua, nije. Nakuuliza kwa barua, maana nikija utanitengenezea chai na kubadilisha mazungumzo. Tangu lini husikii harufu? Na jiko la umeme umelitoa wapi? Kobe ana jiko la gesi, nililifunga mimi.

Jibu hilo tu. Usiniletee habari za mgongo.

Mdogo wako


Uwanja wa kuegesha
19 Juni

Kibiriti,

Umeuliza, basi kaa chini.

Ni tangu yale mafua ya msimu wa baridi uliopita yaliyonilaza kitandani. Mafua yaliondoka, pua haikurudi. Daktari alinimulika, akasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Nimekuwa nikinusa sabuni kila asubuhi kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Kuhusu jiko. Ilikuwa mchana, nimebandika birika, nimeupa mlango mgongo, naingiza uzi kwenye mashine ya mteja. Upepo ukavuma, moto ukazimika, gesi ikaendelea kutoka. Mimi nashona zangu. Nilipogeuka nikaona jiko halina moto, nikasema huu upepo, nikachukua kibiriti. Njiti nilikuwa nimekwisha kuishika. Yule dereva alikuwa anapita nje na ndoo. Aliruka ngazi, akanipiga mkono, njiti zikatawanyika sakafuni. "Toka nje, mama! Toka!" Nilimtukana. Nilifikiri amelewa. Alinivuta mpaka kwenye nyasi, na mkewe akaja akanishika, na hata nilipokuwa nimekaa pale, Kobe amefunguliwa milango yote, sikusikia chochote. Wote wawili walikuwa wameziba pua. Mimi nilikuwa napumua kawaida.

Tangu siku hiyo jiko la gesi silitumii. Nilinunua la umeme. Kilichobaki kutumia gesi ya mtungi kilikuwa hita ya maji tu. Ndiyo maana nilitaka koili. Si kazi yako. Viungo vyako havijavuja hata tone, nimevipaka sabuni mwenyewe kila kimoja. Na usiniambie habari za king'ora cha gesi. Kipo, lakini kila nikifungua kopo la dawa ya kusafishia mashine kinalia kama mtoto, nikakitoa betri.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungesema "rudi nyumbani" kabla sijafika nukta. Chumba chenu cha uani ni kizuri. Nilikaa humo baada ya mazishi na mlinitunza kama yai. Siwezi kuwa yai, mdogo wangu. Nina kazi.

Sasa unajua. Usinihurumie, nitumie ushauri wa swichi ya kambi.

Dada yako


Uwanja wa kuegesha
2 Julai

Kwako Bwana Fundi,

Nilisubiri jibu lako. Nikaletewa mteja.

Leo saa za kazi, nina cherehani mbili wazi mezani na skrubu zake zimepangwa kwenye kitambaa, bwana mmoja amepanda ngazi zangu bila hodi, na futi ya kupimia mkononi. Amepima urefu wa kitanda. Amefungua kabati la nguo zangu za ndani. Ameniuliza, "Mama, godoro nalo linaenda pamoja na gari?" Nikamwambia godoro linaenda na mimi, na mimi siendi popote. Akatoa simu akanionyesha: picha ya Kobe, ile aliyoipiga marehemu, na chini yake namba yako.

Hukunijibu mstari mmoja. Ulipata muda wa kutafuta picha.

Nimezika wazazi, nimemzika mume, nimekulea wewe mpaka ndevu zikaota. Hakuna aliyewahi kuniuzia nyumba nikiwa ndani.

Usiniandikie.

Mwenye gari


Nyumbani
7 Julai

Wifi yangu mpenzi,

Naandika mimi kwa kuwa umemkataza yeye, na kwa kuwa kila anachokiandika anakichana. Sakafu imejaa karatasi.

Simtetei. Alipoisoma ile barua ya njiti alikaa mezani na chakula mbele yake mpaka kikapoa. Mimi nikadhani atakuandikia. Kumbe alikwenda kuongea na watu wa magari. Nilipojua nilimwambia maneno ambayo sijamwambia tangu tuoane. Alinijibu, "Yeye ndiye niliyebaki naye. Nimechoka kuzika." Ndivyo alivyo mume wangu huyu: akiogopa, anaonekana mkorofi.

Tangazo amelifuta mbele yangu. Asubuhi hii amepanda basi na begi lake la vifaa. Amesema usipomfungulia mlango atafanyia kazi nje. Mpige ukitaka, lakini mwache aingie.

Wifi yako


Uwanja wa kuegesha
15 Julai

Wifi,

Mumeo yuko njiani anarudi. Barua hii nimempa dereva wa basi lingine ili isipitie mikononi mwake.

Alifika mchana, begani begi, usoni kama mtoto aliyevunja chungu. Sikumfungulia. Akakaa kwenye ngazi, akatoa spana, akaanza kufungua kamba ya mtungi pale nje. Nikasema dirishani, "Nani amekuruhusu?" Akasema, "Hakuna." Akaendelea. Nilimwacha juani kidogo. Halafu nikaona aibu mbele ya majirani, nikafungua.

Hatukusalimiana. Alitoa jiko la gesi. Alitoa mabomba yote, moja baada ya jingine, akaziba matundu, akapaka sabuni mahali ambapo hakuna hata gesi ya kuvuja. Wifi, ulimwona siku ile alipoyafunga? Alikuwa anapiga mluzi. Safari hii alikuwa anayatoa kama mtu anayemvua marehemu pete. Alipomaliza aliniambia, bila kunitazama, "Kazi hii ilikuwa nzuri, dada." Nikamwambia, "Ilikuwa nzuri. Ndiyo maana nilichelewa kuing'oa." Hapo ndipo alipolia. Mimi nilikasirika zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana, na huwezi kugombana na mtu anayefuta kamasi kwa mkono wenye grisi.

Tuligombana jioni, usihofu. Alitaka niende naye hata mwezi mmoja tu. Nikakataa. Akauliza, "Na moshi? Na chakula kilichochacha? Utajuaje?" Nikamwambia, "Sijui." Akasema, "Tangu nizaliwe sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwako." Tukacheka kidogo, halafu tukarudi kugombana.

Amenifungia swichi ya kuchagua: ama jiko ama maji, viwili pamoja haviwaki. Swichi ya kambi haijaruka tena, na dereva amemkumbatia kama ndugu. Tangi amelivisha blanketi, maji yasipoe haraka nikiwa safarini. Ameniwekea na king'ora cha moshi, amekikaza kwa skrubu ambazo spana zangu haziziwezi. Kesho yake alfajiri akaoga yeye kwanza, "kujaribu". Alitumia tangi zima! Yule aliyesema umeme hauchemshi kitu! Nikakaa kitandani na taulo begani, nasubiri maji yapate moto upya, huku namsikia akijisifu huko bafuni. Nilitamani kumuuza yeye.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Hili sikumwambia.

Mwezi uliopita, chuoni, nilikuwa naijaribu mashine yenye mota. Nilikuwa naongea na mwalimu, mguu uko kwenye kanyagio. Wanafunzi wakaanza kukohoa, na mimi naendelea kueleza. Mota iliungua mikononi mwangu, mbele ya darasa. Zamani ningeisikia kabla haijafikiria kuungua; nilikuwa naijua mashine mgonjwa kwa harufu tangu mlangoni. Nimewapa mota ya mashine yangu mwenyewe. Mwalimu alisema ni bahati mbaya, na mimi nikamwacha aseme hivyo.

Kwa hiyo si maji tu, wifi. Si jiko tu. Nina hasira na pua hii kiasi kwamba siku nyingine nashindwa kula. Sasa nikijaribu mota nakaa kimya na kuifunika kwa kiganja, ikipanda joto naachia. Mkono unajifunza. Ni mwanafunzi mzito, ila hasahau. Nikiona haufai kazi, nitakuja mwenyewe kwenye chumba cha uani, na godoro langu, bila kuletewa mtu mwenye futi.

Usimwambie mumeo. Na ukiona ni lazima, mwambie akiwa ameshiba.

Wifi yako